Ukiona kisanduku cha funguo mlangoni kwa jirani, tafuta mkataba wako

Juma lililopita dada mmoja msomaji wangu aliniandikia: "Kaka, mwenye nyumba amenipa mwezi mmoja nihame. Anasema anafanya ukarabati. Nifanyeje?" Nilicheka, lakini si kwa furaha. Ukarabati! Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Nyumba ile nilikaa miaka sita. Kodi sikuchelewesha hata siku moja. Bomba lililokuwa likivuja nilitengeneza kwa pesa yangu, rangi ya sebuleni nikapaka kwa mkono wangu. Mwenye nyumba akinipigia simu ananiita "mdogo wangu". Mkataba wetu wa maandishi ulipokwisha tuliendelea kwa maneno tu, maana ndugu huandikiana? Hapo ndipo nilipojiponza, na bado naona aibu kulisema.

Dalili zilikuwepo. Kwanza mlango wa juu yangu ukafungwa kisanduku cha funguo, kile cha kubonyeza namba mgeni ajichukulie ufunguo mwenyewe. Kisha usiku wa manane nikawa nasikia magurudumu ya masanduku yakigonga ngazi. Majirani niliowazoea wakaondoka mmoja mmoja, na sura nilizokutana nazo zikawa zinabadilika kila baada ya siku mbili tatu. Mwenye nyumba naye akaanza kuniuliza, kama anatania, kwa nini sihamii penye nafasi zaidi. Nikamjibu kwamba nimeridhika. Miezi miwili baadaye ikaja notisi. (Habari za kutafuta nyumba nyingine naziruka, aliyewahi kuzungushwa na dalali anazijua.) Sikumaliza hata mwezi kule nilikohamia, nikaiona sebule yangu kwenye intaneti, inapangishwa kwa siku. Rangi ni ile ile niliyopaka mimi.

Nilipiga hesabu. Siku kumi za wageni zilimwingizia kodi yangu ya mwezi mzima, na mwezi una siku thelathini. Kwa hesabu simlaumu. Namlaumu kwa uongo. Tena athari haiishii kwa aliyefukuzwa: wapangaji tunabaki wale wale, nyumba za kupanga zinapungua, na hata mwenye nyumba ambaye hajawahi kulaza mtalii anapandisha kodi kwa sababu anajua huna pa kwenda.

Miji mikubwa imeliona hili. New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha makazi yake kwa chini ya siku 30 lazima ajisajili, awepo mwenyewe, na wageni wasizidi wawili. Barcelona, Juni 2024, meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni za nyumba 10,101 za watalii hazitahuishwa, na ifikapo mwishoni mwa 2028 ziwe zimekwisha zote. Mimi nafurahia, ila itazame hiyo miaka. Anayetolewa nje leo ataweka wapi kitanda chake hadi 2028?

Kwa hiyo, dada yangu, nenda kwenye mkataba. Kama huna, udai leo mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Uandikwe notisi ni ya muda gani, kodi itaongezwa lini na kwa kiasi gani, na ni sababu zipi zinaruhusu utolewe. Ukarabati ukitajwa, iandikwe pia kama una haki ya kurudi kazi ikiisha. Ulizia sheria ya mahali ulipo inasemaje. Usihame kwa neno la mdomo. Halafu usome mkataba tena.

Najua sote tunawaza kujenga, ndiyo maana nyumba ya kupanga tunaiona ya kupita tu. Mimi nilipita miaka sita! Tuache kuona haya kudai maandishi. Mtu anayekuheshimu hatakasirika ukimwomba saini, na akikasirika ameshakujibu. "Mdogo wangu" haina saini, jamani.

Jana usiku dada akaniandikia tena. Mkataba ameuona chini ya nguo za zamani, na notisi iliyoandikwa ni ya miezi mitatu. Alitaka kuupeleka kwa mwenye nyumba asubuhi ile ile, mikononi, akauone mwenyewe. Nimemwambia kwanza aupige picha, kurasa zote.