Jibu: Kuificha kompyuta ndani ya meza ya mbao bila kuiunguza

Ndugu, umeuliza iwapo kompyuta yako itadhurika ukiificha ndani ya kabati la meza ya mbao unayokusudia kuitengeneza. Itadhurika endapo hewa haitapata njia, kwa sababu mbao hazipitishi joto kama chuma, na kabati lililofungwa pande zote huifanya feni ya kompyuta irudie kuvuta hewa ileile iliyokwisha kupata moto. Kwa hiyo toboa matundu ya kuingizia hewa chini, upande wa mbele, na ya kuitolea juu, upande wa nyuma, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe. Kisha funga feni ya milimita 120 kwenye tundu la juu, ipulize hewa kwenda nje. Mimi hupendelea feni kubwa inayozunguka polepole, maana kelele yake ni ndogo. Matundu ya chini yawekee wavu wa vumbi unaochomoka ili usafishwe.

Acha angalau sentimita 10 nyuma ya kompyuta kwa ajili ya nyaya, na ubao wa nyuma uufunge kwa skrubu, kamwe usiugundishe. Nimewahi kuona meza nzuri sana ikikatwa kwa msumeno kwa sababu fundi alitia gundi kila mahali, na kompyuta ikahitaji matengenezo.

Plaiwudi ya milimita 18 inatosha kwa kuta za kabati. Usizipigilie bati kwa ndani, kwani litadhoofisha mawimbi ya Wi-Fi.