Muulize Anko: Macho matatu ya nini kama oveni inaingiza keki moja?

SWALI: Anko shikamoo. Mi natengeneza keki nyumbani huku Tabata, oda zangu zote zinatokea WhatsApp status na Insta. Mwezi ujao napokea mchezo, milioni moja na laki mbili, na nimeshaona simu yangu Kariakoo, iPhone ya macho matatu, used ya Dubai, milioni na kidogo. Mume wangu anasema huo ushamba ninunue oveni kubwa maana niliyonayo inaingiza keki moja tu. Lakini anko, kwenye vikao vya harusi nikiweka hii Tecno yangu mezani naona kabisa wanavyoniangalia, halafu wanaanza kunikandamiza bei. Sasa hiyo simu ni kazi au ni sifa tu? (Mama Keki, Tabata)

JIBU: Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara mbili natafuta mahali ulipolalamika kwamba picha zako zinatoka mbaya, sijapaona. Umelalamika macho ya watu kikaoni. Kwa hiyo jibu unalo, ni sifa, ila usijisikie vibaya maana sifa nayo mjini hapa ina kazi yake, fundi aliyekuja kapiga pasi shati anatajiwa hela nyingine na yule wa kandambili hata kama ufundi ni uleule, tusidanganyane.

Mi mwenyewe nilishavuka huko. Nilinunua macho matatu nikawa nakaa mgahawani nimeilaza kifudifudi ili macho yaonekane, na betri ilikuwa imechoka ikifika saa nane mchana naanza kuzunguka kuomba chaja kwa watu, siku moja nikaazima simu ya kupiga kwa dereva boda mwenye kiswaswadu ambacho kinakaa na chaji siku nne. Alinipa bila kucheka, ndo ikaniuma zaidi.

Turudi kwenye keki. Status ya WhatsApp inaibana picha kabla haijamfikia mteja, kwa hiyo sehemu ya huo ubora wa milioni inaishia njiani. Kinachouza picha ya keki ni mwanga. Isogeze dirishani asubuhi, zima ile taa nyeupe ya jikoni inayofanya krimu ionekane kama sabuni, futa kioo cha kamera na kanga (mafuta ya vidole yanaharibu picha nyingi kuliko simu zenyewe), upige. Halafu chukua daftari uandike oda zote ulizokataa mwezi uliopita kwa sababu oveni ilikuwa na keki nyingine ndani. Ukishajumlisha hizo hela mwonyeshe mumeo, ila usimwambie alikuwa sahihi, atatusumbua.

Na kikaoni nenda na sahani. Kata vipande vidogo vya keki, zungusha kabla ajenda ya bajeti haijafika, uone nani atauliza unatumia simu gani.

Nisiionee iPhone lakini. Inadumu kwenye huduma, XR ya mwaka 2018 ilikuwa bado inapokea mfumo mpya 2024, na siku ukikwama ukaamua kuiuza bei yake haidondoki kama za kwetu hizi. Ukishaipata oveni na hela ikabaki mbeleni, nenda kanunue tu, ila macho yote yawe wazi maana mtaani kuna XR zimevalishwa bodi ya 13 Pro, kamera moja nzima na nyingine ni pambo. Ingia setting usome jina la modeli, usiishie kusoma mgongo. Angalia afya ya betri. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa zamani imetolewa mbele yako wewe, sio "nitaitoa jioni dada", isipotolewa siku ukiifuta na kuianzisha upya itakudai paswedi ya mtu usiyemjua. Na kama ni ya kuanzia 14 halafu imetoka Marekani, haina tundu la laini kabisa, inataka eSIM (laini ya ndani kwa ndani, isiyochomekwa), kuna watu wamefika nayo nyumbani ndo wakaanza kutafuta pa kuchomeka laini.

SWALI: Anko, mke wangu anataka airfryer kisa jirani anayo. Naogopa LUKU. Tupo watu tisa. (Baba Nane, Mwanza)

JIBU: LUKU usiogope sana. Airfryer nyingi zinakula kama wati 1500, chipsi za dakika 20 ni nusu uniti, kwa ile bei ya 356 kwa uniti hata shilingi 200 hazifiki, na mafuta ya kula umeokoa. Kile ni kioveni kidogo chenye feni tu, hakuna uchawi. Tatizo lako ni hao tisa. Zile ndogo zinaingiza chipsi za watu wawili, watatu wakiwa wameshiba, sasa utapika awamu nne na wa mwanzo atakuwa ameshaanza kuulizia chakula cha usiku. Kwa jirani mwenyewe hebu chungulia vizuri, nyingi nilizoziona mimi zipo juu ya friji zimefunikwa kitambaa cha kufuma. Rice cooker ya elfu arobaini inapiga mzigo kila siku na hakuna aliyewahi kuipostia.

SWALI: Nimemnunulia mama smartwatch ya elfu 35, inapima presha na sukari. Sasa ikionyesha presha nzuri anaruka dawa. Ni sawa? (Kijana wa Tanga)

JIBU: Sio sawa hata kidogo na hapa sitanii. Saa za bei hiyo zina kataa ka kijani kanakomulika ngozi, mapigo ya moyo inaweza ikakaribia, presha inakisia tu. Zipo saa chache, za bei mbaya, ambazo mkanda wake unajaa upepo na kubana mkono kweli, hiyo yako sio mojawapo. Sukari ndo kabisa, Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo.

Leo hii mwambie mama arudi kwenye dawa zake kama alivyoandikiwa, kesho mpeleke kituo cha afya wampime, na ukipata hela nunua kile kipimo cha kufunga juu ya kiwiko, akae ametulia dakika tano ndo apime, aandike kwenye daftari aende nalo kliniki. Saa usimnyang'anye, ameshawaonyesha wenzake kwenye kikoba. Aitumie kujua muda wa kumeza dawa.