Dokta, sungura wetu kanenepa, tumnyime chakula?

Shikamoo dokta. Tuna sungura dume mweupe anaitwa Pamba, ana miaka mitatu, tulimchukua mdogo kabisa na sasa hivi yuko kama mto wa kochi. Watoto wanampenda, kila wakirudi shule ni karoti na biskuti, mama mkwe nae akija anampa chapati anasema kiumbe wa Mungu hawezi kukaa anaangalia watu wanakula. Juzi nimemgeuza nikakuta kinyesi laini kimemganda matakoni, kinanuka, nikajua anaharisha nikamkatia majani siku nzima nikampa peleti tu, zile punje kavu za chakula cha sungura za dukani. Mume wangu yeye anasema tumfungie chakula siku mbili atapungua mwenyewe. Nifanyeje? Na kwani karoti si ndo chakula cha sungura jamani?
Mama Wawili, Kimara

Marahaba mama. Cha kwanza kabla hujamaliza kusoma, mwambie Baba Wawili hilo la siku mbili aliache kabisa. Sungura sio mbuzi. Tumbo lake limeumbwa kusaga majani mchana na usiku, likisimama linajaa gesi, na hawezi hata kutapika, kwa hiyo sungura akipitisha masaa 12 hajatia kitu mdomoni hiyo tayari ni dharura ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Na mnene ndo yuko hatarini zaidi, ukimkatia chakula ghafla mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini, ini linashindwa kazi, unampoteza ukidhani unampunguza.

Sasa hicho kinyesi. Nna wasiwasi Pamba haharishi. Sungura ana choo cha aina mbili, zile goroli kavu unazofagia kila siku, na kingine laini, cheusi cheusi, vipunje vimeshikana kama kichane cha zabibu ndogo. Hiki cha pili huwa hukioni kwa sababu anakula mwenyewe, tena anakichukua pale pale kinapotokea kabla hakijaanguka chini, usikunje uso ndo chakula chake kile, kina vitamini na protini ambazo vijidudu vya tumboni vimemtengenezea. Sungura mnene tumbo linamzuia kuinama, hafiki, kwa hiyo kinabaki kimemganda. Na ukimjaza sukari na unga kinakuwa laini kupita kiasi, ndo harufu hiyo uliyoisikia. Ungeona goroli kavu hamna kabisa, choo chote ni maji maji, hapo ningekwambia acha gazeti mbebe uende hospitali.

Kwa hiyo mama ulimkatia dawa ukamwachia ugonjwa. Majani rudisha leo leo. Muoshe hapo nyuma kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe vizuri, na muangalie kila siku asubuhi na jioni kwa sababu kwa joto la Dar nzi akitaga mayai kwenye manyoya machafu, funza wanatoka ndani ya siku moja na wanaanza kumla mnyama mzima mzima. Nimeshaona, sitaki kuelezea.

Karoti nayo tumedanganywa na katuni. Ule ni mzizi wenye sukari, kwa sungura upo kundi moja na embe na ndizi, kitu cha kuonja. Kinachomfaa ni yale majani ya juu ambayo mama muuza mboga anayang'oa anayatupa, ukimuomba anakupa bure.

Ila karoti peke yake isingemfikisha hapo, hesabu mikono inayomlisha. Wewe unampa peleti asubuhi, watoto biskuti mchana, bibi chapati, na nakuhakikishia dada wa kazi nae ana kitu anampa jikoni hamjui. Kila mmoja anaona katoa kidogo. Mtu wa kilo 60 ni mara 20 ya sungura wa kilo 3, kwa hiyo nusu ndizi kwake ni kama wewe ukae chini umalize ndizi 10, alafu saa nane uletewe biskuti.

Tufanye hivi. Biskuti, chapati, mkate, ugali, wali, vyote vimekwisha kuanzia leo, hivyo havina siku ya sikukuu. Na usitamani kumtupia ganda la parachichi, parachichi na majani yake ni sumu kwake, chokoleti, kitunguu na kitunguu saumu vile vile. Tunda abaki nalo, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, mara mbili kwa wiki, na mtu wa kutoa awe mmoja. Peleti usizikate kwa mpigo, punguza kidogo kidogo kwa wiki tatu nne mpaka zifike kama gramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwa mnene kama Pamba hata chini ya hapo itakuwa sawa baadae, ilimradi nyasi hazikatiki. Nyasi ziwe mbele yake muda wote, rundo kubwa kama yeye mwenyewe, huwezi kumnenepesha kwa nyasi. Meno ya sungura yanakua maisha yake yote na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu, biskuti haisagi kitu. Usikate za pembeni ya barabara wala pale mbwa wanapokojolea, zikizidi anika kivulini, zikiota ukungu tupa.

Mzani wa jikoni unatosha, weka beseni, muweke ndani, andika, kila wiki siku ile ile. Sungura wa kilo 4 akipungua gramu 40 mpaka 80 kwa wiki mnakwenda vizuri, akipungua kwa kasi zaidi ya hapo mnakimbia, rudini nyuma. Ila usije ukasoma mahali kwamba sungura anatakiwa kilo 2 ukapata presha, hawa weupe wakubwa wa aina inayoitwa New Zealand akifika kilo 4 na nusu anaweza kuwa sawa kabisa. Muamuzi ni mkono: mpapase mbavu taratibu, uzisikie kama vijiti chini ya kanga. Ukibonyeza unakuta godoro tu, bado. Na mtoe bandani, masaa kadhaa kwa siku akimbie uani asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, mnene na joto hawapatani.

Mama mkwe usimnyang'anye raha yake, utaleta vita bure. Mnunulie fungu la giligilani uliweke kwenye friji, akifika mpe ampe yeye. Sungura anavyoishangilia giligilani bibi atasahau chapati. Matembele nayo anapenda, majani ya mforosadi, kishonanguo kinachoota uani, mnanaa. Mchicha sio kila siku, uzungushe na majani mengine. Kisamvu usimpe.

Dokta mambo, mi nafuga sungura wanne na kuku wa mayai. Peleti za sungura bei imepanda, nikiwapa chakula cha kuku na pumba wanakula vizuri tu na wananenepa. Kuna ubaya?
Kijana wa Morogoro

Poa kijana. Kunenepa ndo ubaya wenyewe, kile chakula kina nafaka nyingi na nyuzi kidogo, tumbo la sungura linachachuka. Lakini kinachonitisha zaidi ni dawa. Vyakula vingine vya kuku vinachanganywa kiwandani na dawa ya koksidia, vimelea wa tumboni, na baadhi ya hizo dawa ambazo kuku anakula bila tabu ni sumu kwa sungura, zinagonga moyo na misuli, anaweza kulala mzima akaamka kapooza au asiamke. Acha leo. Kama hela ya peleti haipo bora asile peleti kabisa, sungura mkubwa anaishi vizuri kwa nyasi nyingi na majani mchanganyiko na maji safi, wewe Morogoro hukosi majani. Pumba kiganja kimoja mara moja moja sio kesi.

Jike langu limeota kidevu cha pili, kikubwa, kinaning'inia. Nimpunguzie chakula?
Asha, Mwanza

Asha, hicho sio unene, majike wengi wakishakomaa wanakuwa nacho. Tumia mbavu kama nilivyomwambia Mama Wawili hapo juu, na uangalie tu pale kwenye mkunjo pasilowane na maji ya kunywa mpaka ngozi ikachubuka. Manyoya ya hapo ndo anayoyang'oa kutandikia watoto, kwa hiyo kama aliwahi kukaa na dume hivi karibuni, hesabu siku 31 tangu siku hiyo na uandae boksi.