Kidole cha roboti kinacholegea adhuhuri

SWALI: Nafundisha sayansi Wete. Wanafunzi wangu wametengeneza kidole cha roboti kinacholika, cha jelatini na gliserini. Ukikitia hewa kinajikunja. Asubuhi hakina tatizo, lakini ikifika adhuhuri kinalegea na kuvuja kwenye kiungio. Tumekosea wapi?

JIBU: Hamkukosea, Mwalimu. Upishi huo ni wa watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, walioutangaza mwaka 2017, na maabara yao haina joto la Pemba. Jelatini huanza kulegea kwenye nyuzi 30 na kitu. Ndiyo maana huyeyuka mdomoni. Darasa la bati linafika huko mapema. Tena someni pakti, maana jelatini nyingine ni ya nguruwe.

Mimi ningetumia mwani. Mwani wa aina ya spinosamu hutoa karaginani, yaani utomvu unaogandisha, iliyo laini na inayovutika. Ya kotonii, aina nyingine ya mwani, ni ngumu na hukatika ukiikunja. Kwa kidole, chukueni spinosamu. Loweka usiku kucha, osha chumvi itoke, chemsha kwa moto mdogo kama saa moja, kisha chuja kwa kitambaa uji ungali moto. Ukipoa utaganda, na jua la mchana halitaurudisha kuwa maji. Ukiwa laini mno, tia maziwa kidogo wakati wa kuchemsha. Kalsiamu yake huukaza.

Gliserini ibaki, ila kidogo. Kazi yake ni ile ya sukari kwenye halua ya hapo kwenu Wete: kushika maji, isikauke ikapasuka. Kabla ya kumimina kwenye kalibu, gandisha ukanda mwembamba kwenye sahani, uvute taratibu. Ukanda ukirudi ulivyokuwa, mimina. Ukikatika, ongeza gliserini.

Sasa kiungio. Vipande viwili vilivyokwisha kupoa havishikani. Paka uji wa moto pande zote mbili, bana mara moja, acha vipoe pamoja. Upande bapa uwe mnene kuliko ule wenye vyumba vya hewa. Huo usiotanuka ndio unaokilazimisha kidole kujikunja.

Kitakacholika ni kidole peke yake. Watafiti wa Italia walitengeneza betri ya kuliwa mwaka 2023, kwa vitamini B2, na wakatenganisha nguzo zake kwa mwani wa nori, lakini inatoa volti 0.65 tu, haitoshi kuendesha pampu ya hewa. Kwa hiyo tieni hewa kwa bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yake, na mpira mwembamba. Msipulize kwa mdomo, kwa kuwa kuna mtoto atakayekila.