Namuuguza mama, sasa mwili wangu nao umegoma

SWALI: Shikamoo daktari. Tumetoka Tabora, mama anapigwa mionzi Dar es Salaam kwa saratani ya shingo ya kizazi. Namuuguza peke yangu. Kaka zangu wanatuma pesa kila wiki. Usingizi sipati, mafua hayaniishi, na tangu jana nimetokwa na malengelenge ubavuni, upande mmoja tu, yanaunguza kama moto. Wenzangu wodini wanasema saratani imeniambukiza. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Saratani haiambukizi kwa kumlisha mgonjwa, kumwogesha wala kulala naye kitanda kimoja.

Kwa maelezo yako, huo ni mkanda wa jeshi. Kirusi chake ni kile cha tetekuwanga: ukishapona hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na kinga ikilegea huamka. Nenda kliniki leo hii, maana dawa zake husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Pima na VVU ukiwa huko. Ni kipimo cha kawaida kwa mwenye mkanda wa jeshi, usiogope. Mpaka malengelenge yakauke, yafunike, nawa mikono kwa sabuni, na mama aogeshwe na mtu mwingine. Kinga yake sasa ni ndogo kuliko yako.

Kilichokulegeza huenda ni mawazo ya muda mrefu. Mtu akipata hofu, mwili hutoa homoni ya kotisoli, ambayo pia hutuliza uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili. Hofu ikidumu miezi, seli nyeupe za damu, askari wa kinga hiyo, huacha kuitii, na kinga huvurugika. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliona hali hiyo katika damu ya wazazi wenye watoto wanaougua saratani. Na mwaka 1995, katika utafiti wa huko Ohio, Marekani, wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu walitobolewa kijidonda kidogo mkononi. Kilichelewa kupona kwa siku tisa hivi kuliko cha wenzao wasiouguza.

Kwa hiyo hujalegea kwa uvivu wala kwa kukosa imani. Linaloniumiza ni familia zetu kumtwisha binti mmoja mzigo wote, kisha kumpongeza kwa uvumilivu. Kuuguza ni zamu. Mpigie kaka mkubwa, mwambie daktari amesema anahitajika hapa: pesa ya wiki hii asiitume, aifanye nauli ya basi.