Maoteo si Ndoto: Kwa Mliopangiwa Dawati la Takwimu za Elimu

Kamwene kwa mliopangiwa Iringa na Njombe, ugonile kwa mliopelekwa Rungwe na Kyela. Karibuni kwenye dawati la takwimu. Rasimu za maoteo, yaani makadirio ya wanafunzi na vyumba vya miaka ijayo, mlizoleta msimu huu wa bajeti zimesomwa zote, na makosa ni yale yale ya waliowatangulia. Kilichobadilika ni rangi za jedwali. Fomula za Excel mnazijua kuliko wazee wenu, hilo halina ubishi. Ila fomula haijui kwamba chumba namba saba kimejaa magunia ya mahindi.

1. Hesabu vyumba kwa miguu.

SIS, mfumo wa taarifa za shule, inasema shule ina vyumba 12. Nenda. Kimoja ni ofisi ya walimu, kwa sababu jengo la utawala halijawahi kujengwa. Kingine kina mahindi na maharage ya chakula cha mchana, kimefungwa kufuli na ufunguo anao mjumbe wa kamati. Cha tatu mhandisi alishakikataa baada ya ukuta kupasuka, lakini kwenye mfumo hakuna aliyekitoa. Cha nne ni boma la wananchi lililoishia kwenye lenta, limeingizwa kama chumba kwa sababu mtu alitaka taarifa ya kata ipendeze. Vilivyopo 12, vinavyofundishiwa 8. Jedwali lako liwe na safu nne: vinavyotumika, vinavyotumika kwa kazi nyingine, vibovu, maboma. Ukizichanganya, shule yenye shida itaonekana imeshiba.

Na ukiwa ndani ya chumba, usiangalie dari. Hesabu madawati yanayoingia huku njia ya katikati na nafasi ya mwalimu mbele vikibaki. Dawati moja watoto watatu, kwa hiyo chumba cha watoto 45 ni kile kinachobeba madawati 15. Vyumba vya zamani vilivyojengwa kwa nguvu za kijiji havilingani. Kinachobeba madawati 11 ni chumba cha watoto 33, hata kama fomu inakiita darasa kamili. Sekondari ni 40, kila mmoja na meza yake na kiti chake. Awali ni 25, na hapo ndipo wengi mnaandika 45 bila hata kupepesa macho.

Vyoo: wasichana gawa kwa 20, wavulana kwa 25, na tundu lililojaa si tundu.

2. Usigawe jumla ya shule kwa 45.

Hili linaudhi kwa sababu ni rahisi kulikwepa. Chukua shule ya mfano yenye watoto 500, kuanzia la kwanza hadi la saba: 95, 90, 88, 70, 61, 52, 44. Ukigawa 500 kwa 45 unapata 11.1, unaandika 12 na kufunga faili. Sasa fanya darasa kwa darasa, ukipandisha kila desimali, maana nusu chumba hakijengwi: 3, 2, 2, 2, 2, 2, 1. Ni 14. Wale 95 wa la kwanza unaweza kuwakubali kwenye vyumba viwili, 47 na 48, hakuna atakayekushitaki. Bado una 13. Mtoto wa la tano hawezi kwenda kujaza nafasi tupu ya la saba, kwa hiyo nafasi hiyo haikusaidii.

Wastani wa halmashauri ni mbaya zaidi. Halmashauri inaweza kusoma 1:58 ikaonekana inavumilika, kumbe ndani yake kuna shule ya pembezoni mwa mji yenye watoto 110 kwa chumba na shule ya mlimani yenye 30. Vyumba havihami kutoka mlimani kwenda mjini. Kwenye taarifa ya kwenda kwa mkurugenzi, weka shule kumi zilizobanwa zaidi kwa majina, halafu wastani uje chini.

3. Kundi la watoto linatembea. Lifuate.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo kosa la ofisi zetu, tumelifanya wengi, na lilikuwa na gharama.

Januari 2016 elimumsingi bila ada ilianza. Watoto wa miaka tisa na kumi waliokuwa nyumbani kwa sababu ya michango wakaja pamoja na wa miaka sita na saba. Madarasa ya kwanza yakafurika nchi nzima. Ofisi za takwimu zikafanya nini? Zikachukua la kwanza la 2016, zikagawa kwa la kwanza la 2015, zikaita matokeo hayo kasi ya ongezeko. Kwa shule ya mfano iliyotoka 80 hadi 130, kasi ni asilimia 62.5. Zidisha mara moja, 2017 unapata 211. Zidisha tena, 2018 ni 343. Kijiji chenyewe hakina watoto 343 wa umri huo, hata ukiwahesabu walio mgongoni. Hakuna aliyesimama kuuliza. Jedwali lilikuwa safi, jumla zilikubaliana, mihuri ikapigwa.

Waliofurika 2016 walikuwa akiba ya miaka kadhaa iliyomwagwa kwa siku moja. Akiba ikiisha, uandikishaji unarudi kwenye watoto wa mwaka mmoja tu. Ombi la vyumba vya la kwanza likaendelea kupanda kwenye makaratasi wakati darasa la kwanza lenyewe limeshashuka.

Hiyo ni nusu ya kosa, na kusema kweli ni nusu ndogo. Nusu kubwa ni kwamba macho yetu yalibaki mlangoni, kwenye la kwanza, yakawasahau walioshapita. Wale wa 2016 waliingia la pili 2017, la tatu 2018, wakafika la saba 2022, na Januari 2023 wakabisha hodi kidato cha kwanza. Ni hesabu ya vidole. Miaka saba ilikuwepo ya kujiandaa. Lakini mwisho wa 2022 nchi ilikuwa inajenga vyumba 8,000 vya sekondari kwa miezi michache, milioni 20 kila kimoja, mafundi wanapaua usiku kwa taa za pikipiki, na mhandisi mmoja anasimamia maeneo ambayo hata bodaboda anauliza njia mara mbili. Kila mtu alisema wanafunzi wamekuwa wengi ghafla. Ghafla ipi? Walikuwa kwenye rejista zetu, kwa majina, muda wote huo.

Mbinu yenyewe ni hii, na ni nyepesi. Chukua takwimu za miaka minne au mitano za shule moja, madarasa yote. Gawa la pili la mwaka huu kwa la kwanza la mwaka jana, la tatu la mwaka huu kwa la pili la mwaka jana, endelea hivyo hadi la saba. Kila jibu ni kiwango cha kubaki. Pata wastani wa miaka mitatu kwa kila hatua; mwaka wenye tukio la ajabu utoe, usiuingize kwenye wastani. Kisha zidisha watoto waliopo leo kwa viwango hivyo, hatua kwa hatua. La pili hadi la saba unalipata bila kubahatisha. La kwanza ndilo pekee linalohitaji chanzo cha nje.

Kiwango kikizidi asilimia 100, usishangilie. Mara nyingi ni wanaokariri, hasa la nne baada ya upimaji, au ni uhamisho. Na cha chini ya 90 kinaweza kuwa utoro, au ni mtoto aliyehama ambaye namba yake ya PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) haijahamishwa, kwa hiyo yuko shule mbili, au hayuko popote. Mpigie mwalimu mkuu kabla ya kuandika sababu.

4. Sasa tazameni 2028.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Walioanza la kwanza 2021 wanamaliza la saba 2027. Walioanza 2022 wanamaliza la sita mwaka huo huo wa 2027. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja.

Fanyeni hesabu ya kata moja. Kata ya mfano ina waliobaki 210 wa kundi la 2021 na 225 wa kundi la 2022: jumla 435. Kwa 40, ni mikondo 11, mahali ambapo sekondari ya kata ilizoea mitano au sita. Samani ni seti 435, na walimu wa hisabati wako wale wale wawili. Kundi la mtaala mpya, lile la 2022, msilikate kwa asilimia ya kufaulu kama mlivyozoea. Miaka kumi ni lazima.

Lakini msiombe vyumba kana kwamba 435 ndiyo hali ya kudumu. 2029 linaingia kundi moja. Kundi pacha litakuwa kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, cha nne 2031, kisha linatoka. Wakati huo huo shule za msingi, kuanzia 2028, hazina darasa la saba, na vyumba vyake vinabaki. Shule ya msingi iliyo jirani na sekondari ya kata, ukuta kwa ukuta, ni jibu la bei nafuu kuliko msingi mpya, ilimradi meza na viti vya sekondari viwepo na vyoo vihesabiwe upya kwa wote. Pale ambapo msingi yenyewe imebanwa, chumba kilichoachwa na la saba kitamezwa na la kwanza kabla hujamaliza kuandika barua. Ndiyo maana kila kata inahesabiwa peke yake.

5. Kalenda ya mvua ina nguvu kuliko kalenda ya bajeti.

Chumba cha Januari hakiombwi kwenye bajeti inayoanza Julai iliyotangulia. Fedha zikiwahi sana zinafika Agosti au Septemba. NeST (mfumo wa manunuzi ya serikali), kamati, fundi, vyote vinataka siku zake. Na Novemba mvua zinashuka huku kwetu hadi Aprili au Mei. Tofali za kuchoma zinataka kiangazi, na Rungwe kiangazi chenyewe ni cha kuvizia. Lori la mchanga halipandi Makete au Ludewa kwenye tope la Januari. Mbao mbichi kutoka Mufindi zikipauliwa haraka zinajikunja na bati linaachia misumari. Weka chumba kwenye bajeti ya mwaka mmoja nyuma, ili msingi na kuta vifanyike Juni hadi Oktoba.

Maboma yaliyopo yatangulie majengo mapya. Ukamilishaji umekuwa ukitengewa milioni 12.5 kwa boma, lakini lililokaa misimu mitatu ya mvua bila paa mhandisi alipime kwanza. Wakati mwingine lenta imeshakatika na ukuta wa juu unabomolewa.

6. La kwanza litatoka wapi?

Siyo kwenye asilimia 3.2. Hiyo ni kasi ya taifa kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, na kuipachika kata ya Nsalaga jijini Mbeya na kijiji cha Makete kwa pamoja ni uvivu. Waliohesabiwa chini ya mwaka mmoja Agosti 2022 wanatimiza umri wa la kwanza Januari 2028 na Januari 2029. Anza na hao kwa kata. Kisha nenda zahanati, omba idadi ya waliopata chanjo ya surua ya miezi tisa kwa kila kijiji, miaka mitano mfululizo. Muuguzi atakupa kwa dakika kumi ukimsalimia vizuri.

Kwa pembezoni za Mbeya Jiji, Tunduma na Mafinga, zahanati haitoshi, maana watoto wanahamia wakiwa wakubwa. Pita na mwenyekiti wa mtaa mhesabu nyumba zilizoezekwa ambazo hazijahamiwa, na mtazame nguzo za umeme zinaelekea wapi. Mbarali msimu wa mpunga na Chunya kwenye machimbo, idadi ya Januari si ya Julai. Chukueni zote mbili na mpange vyumba kwa ile kubwa.

7. Faili.

Kila namba iwe na tarehe na chanzo pembeni yake. Faili liitwe kwa mwaka na namba ya toleo. Kwenye kompyuta ya ofisi kuna “Maoteo_mwisho”, “Maoteo_mwisho_kabisa” na “Maoteo_mwisho_kabisa_2”, na lililoingizwa PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, ni la kwanza. Futeni mawili leo, kabla ya chai.