Rangi mpya haifufui kitanda cha mashine ya kukereza

SWALI: Nina karakana ndogo nyumbani, Nkuhungu, Dodoma. Nachomelea mageti, ila nataka nianze kutengeneza shafti na puli za mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Nimeona Dar es Salaam mashine ya kukereza vyuma iliyotumika, mita 1 kati ya senta (ncha mbili zinazoshika kazi). Imepakwa rangi upya na muuzaji anasema imefanyiwa ovahoo. Hofu yangu ni kwamba mkono wa kuingiza kisu una mchezo (unazunguka bure) wa kama robo mzunguko. Fundi mmoja kaniambia nisijali hata kitanda, yaani reli ambazo kisu hutembea juu yake, kikiwa kimelika, tutakisawazisha kwa grainda. Pia mota ni ya njia tatu, na kwangu umeme ni wa njia moja. Ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, unaogopa kisichoogopwa, na kinachoogopwa umeambiwa usikijali. Maswali ya namna hii huja kila mara, na karibu yote yana kosa hilohilo.

Nianze na mkono. Kama skurubu yake inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, robo ni milimita 1.25. Ni mchezo mwingi, lakini kilicholika hapo kwa kawaida ni nati ndogo ya bronzi, na nati hiyo mkereza yeyote anayejua kazi anakutengenezea nyingine. Hata kabla hujaibadilisha unaweza kufanya kazi: rudisha kisu nyuma kupita mchezo wote, kisha ukiingize tena kwa upande uleule kila mara. Meno yaliyochoka ya chaki (kibanio kinachoshika chuma kinachokerezwa) nayo yasikutishe, maana chaki mpya hupatikana.

Kitanda hakina spea. Na huyo aliyekuambia grainda, mashine yako asiiguse. Shafti ya milimita 40 inayokaa kwenye beringi kwa kipimo cha k6 (daraja la kukaza shafti ndani ya beringi) inaruhusiwa kuzidi kwa 0.002 hadi 0.018 mm. Yaani uwanja wako wote ni 0.016 mm. Hakuna mkono wa binadamu unaoshika grainda ukaisawazisha reli ya mita moja na nusu kwa kiasi hicho. Utaacha mabonde, na kama reli ilikuwa imepigwa moto ikawa ngumu juu, utaondoa ule ugumu sehemu moja na kuuacha nyingine. Wanaojazia kwa kuchomelea ni wabaya zaidi, maana chuma cha kusubu hupasuka au kupinda kikipoa. Kitanda husagwa kwa mashine maalumu ya kusagia vitanda, tena kikisagwa kibebeo cha kisu kinashuka, nati ya skurubu ndefu (inayoendesha kibebeo wakati wa kukata nyuzi) haikai tena sawa na skurubu yake, na kichwa cha nyuma (kinachobeba senta ya upande wa pili) kinakuwa chini ya senta. Yote hayo lazima yarudishwe kwenye mstari. Hiyo ndiyo ovahoo. Kopo la rangi na grisi si ovahoo, na muuzaji aliyesaga kitanda kweli atakuonyesha alama za kusagwa bila kuombwa mara mbili.

Kwa hiyo ukifika, futa mafuta yote kwenye reli. Sehemu inayolika ni sentimita 30 au 40 karibu na chaki, kwa sababu kazi nyingi hufanyika pale. Pitisha ukucha kutoka mahali kibebeo kisipofika hadi mahali kinapotembea. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, kitanda kimechimbika. Halafu fanya jaribio ambalo rangi haiwezi kulificha: sogeza kibebeo karibu na chaki, bana skurubu zake za chini hadi mchezo uishe lakini bado kisogee, kisha kipeleke mpaka mwisho wa kitanda. Kikikakamaa au kugoma njiani, kule hakujalika na huku kumelika. Ndiyo sababu anayekwambia “ibane tu itakaa sawa” anakupotosha: ukiibana huku, itagoma kule.

Kwenye kichwa cha mbele, weka geji ya saa juu ya pua ya spindo (mhimili unaozungusha chaki) yenyewe, usipime kwenye chaki. Funga bomba la sentimita 60 kwenye chaki na ulinyanyue kwa mkono. Sindano ikisogea zaidi ya 0.05 mm, beringi zina tatizo au zimelegea. Iwashe kwa mwendo wa juu dakika 20. Kichwa kiwe cha uvuguvugu, kisiwe cha kuunguza mkono. Na fungua mfuniko uangalie mafuta, maana mafuta mazito kupita kiasi huwekwa ili kunyamazisha gia zilizolika. Hesabu gia za kubadilisha pia. Kama skurubu ndefu ni ya inchi, utahitaji gia ya meno 127 kukata nyuzi za milimita, kwa sababu inchi ni 25.4 mm na mara tano yake ni 127. Isipokuwepo, punguza bei au achana nayo.

Mwisho kereza kweli. Chukua chuma cha milimita 40, kitokeze sentimita 20 bila kushikiliwa na senta, acha pete mbili, moja kila upande, uzikate kwa mkato mwepesi mmoja na uzipime kwa maikromita. Tofauti ikizidi 0.03 mm usikimbilie kuilaumu mashine, kwani sakafu isiyo sawa hukisokota kitanda na kuleta tofauti hiyohiyo. Lakini sakafu haichongi ngazi. Ukucha ukikwama, muuzaji asikuambie “itanyooka ukiifunga.” Kwa puli fupi mashine ya namna hiyo bado itakusaidia, kwa shafti ndefu ya alizeti haitakusaidia.

Kuhusu umeme, soma kibao cha mota. Kikisema 230/400, VFD (kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu) inayoingiza njia moja itakufaa, mota ikiungwa pembetatu. Kikisema 400/690, VFD ya kawaida ya 230 haitoshi. Kwa mota ya 2.2 kW VFD inaweza kuvuta zaidi ya ampea 20, basi ipe waya wa 4 mm² na breka yake peke yake, na swichi za zamani za mashine zisikate kati ya VFD na mota. Wanaofunga kapasita tu wanakupa mota dhaifu inayochemka. Ukiweza, omba TANESCO njia tatu.

Jambo la mwisho hukuuliza, nalo linaharibu mashine nyingi zilizonunuliwa zikiwa nzima. Unachomelea na kusaga mageti. Unga wa jiwe la grainda, pamoja na vumbi la kiangazi cha Dodoma, vikitua kwenye mafuta ya reli vinakuwa dawa ya kusagia vyuma, na kila kibebeo kikipita kinakula kitanda. Kufunika kwa turubai wakati wa kusaga hakutoshi, kwa sababu unga hubaki hewani na kutua baadaye, ukishafunua. Kama chumba ni kimoja, jenga ukuta kwanza, kabla hujalipia lori la kuileta.